Mfumo Umekataa

Ukifanya kazi ya kaunta Kanda ya Ziwa, asubuhi haiishi hujaandika ng'. Ng'wandu, Ng'washi, Nyang'oro, Mang'ombe. Mzee wa pili kwenye foleni anayo, mama wa sita naye anayo. Nilikuwa karani wa SACCOS moja ya wilayani, wanachama wetu wengi wakiwa wakulima wa pamba na wafanyabiashara wa gulioni, na enzi za daftari kile kialama cha juu nilikuwa nakidondosha bila hata kukiangalia. Kisha tukaletewa kompyuta.

Kampuni iliyotuuzia mfumo ilituma vijana wawili na kitabu cha maelekezo chenye picha za skrini. Kwenye picha zote mwanachama aliitwa Juma Hamisi. Wakati wa mafunzo tulimsajili Juma Hamisi, tukampa mkopo, akarejesha kwa wakati, tukamlipa gawio. Sijawahi kuona mwanachama mwema kama yule. Vijana wakaaga, mfumo ukaanza kazi, na akaja mzee mmoja jina la ukoo Ng'wandu. Nikaandika, nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi, skrini ikajaa maandishi mekundu ya Kiingereza. Nikarudia. Mekundu tena.

"Samahani mzee wangu, mfumo umekataa."

Akaniangalia. "Umenikataa mimi au umekataa jina?"

Nilipopiga simu kwa kampuni, kijana aliyepokea alinijibu kwa upole kabisa: dada, huku kwetu unafanya kazi, tena umejaribiwa. Nami namwamini hadi leo. Ulijaribiwa, na kwao ulifanya kazi, kwa sababu kwao kulikuwa na Juma Hamisi tu.

Sababu yenyewe niliijua baadaye, nilipokuwa nimeshavuka upande wa pili wa kaunta. Kwenye lugha ya databesi, ghala la kumbukumbu za mfumo, kialama kile kinaonyesha mahali maandishi yanapoishia. Programu iliyochanganya jina la mtu na amri kwenye mstari mmoja ilisoma "Ng", ikadhani jina limekwisha, kisha ikakutana na "wandu" na isijue hiyo ni amri gani. Dawa yake ni ya zamani na inajulikana: amri ipelekwe peke yake, jina lipelekwe peke yake, visikutane. Na ubaya ni kwamba kwenye ufa huo huo ndipo wezi wa mitandaoni hupita. Wanaandika amri yao mahali pa jina, na databesi inaitii. Kwa hiyo mzee wa pamba alikuwa amewafanyia wale mabwana jaribio la usalama, bure, kwenye dirisha langu, na hakuna aliyelichukua.

Ofisini tulifanya kile ambacho kila ofisi hufanya. Tulizunguka. Mimi niliandika Ngwandu. Mwenzangu wa dirisha la pili alipenda kuacha nafasi, Ng wandu. Binti aliyekuja kushikilia wakati wa likizo akaandika Nwandu. Mfumo ulikubali yote matatu, tena kwa furaha. Simu za malalamiko kutoka kwetu zikakoma, na sina shaka kwenye kumbukumbu za kampuni tatizo letu liliandikwa kuwa limekwisha. Ndiyo maana nikisikia mtu anapima ubora wa mfumo kwa kuhesabu malalamiko, namsikiliza nusu nusu. Karani hapigi simu mara ya tatu. Anatafuta njia yake ya kupita, na njia hiyo haiandikwi popote.

Deni lilikuja kudaiwa mwaka 2019, laini zote za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha NIDA. Sasa jina la mtu likawa na chanzo kimoja, na kwenye kitambulisho limeandikwa kama mwenyewe anavyolitamka. Mkopo ukipelekwa kwenye simu, mfumo unalinganisha jina la akaunti na jina la laini, herufi kwa herufi. Ngwandu si Ng'wandu, fedha zinarudi. Wanachama wakaanza kwenda kwa wakili kulipia hati ya kiapo kuthibitisha kwamba yule na huyu ni mtu mmoja. Ukiniuliza gharama ya kutokujaribu jina moja, sitakuonyesha mchoro wa rangi. Nitakuonyesha foleni ya wazee nje ya ofisi ya wakili, kila mmoja na nauli yake mfukoni.

Wakati huo nilikuwa nimeshaondoka. Kampuni nyingine, ya Mwanza, ilitafuta mtu wa kupokea simu za vyama vinavyotumia mfumo wake, mtu anayejua tofauti ya hisa na amana. Nikachukuliwa. Baada ya muda wakanihamishia kwenye kujaribu mifumo, nadhani kwa sababu nilikuwa nauliza maswali mengi kuliko wateja. Sikuwa na cheti chochote cha kompyuta. Nilichokwenda nacho ni watu. Mzee asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa. Mama anayetumia simu ya mwanawe, na mwanawe naye ni mwanachama. Kikundi cha akina mama chenye watia saini watatu, mmoja wao kafariki. Mtu aliyezaliwa tarehe 29 Februari. Mfanyabiashara mwenye akaunti mbili anayetaka kujidhamini mwenyewe. Wote hao nilikuwa nimeshawahudumia, nikajua wanavyochanganya mambo, nikawaleta mmoja mmoja kwenye mfumo wa majaribio. Wiki za mwanzo waandishi wa programu waliniona kama mtu aliyetumwa kuwaharibia kazi.

Na bila shaka nilimleta Ng'wandu. Mfumo wa kampuni yetu mpya ulimpokea bila wasiwasi, na kijana mmoja akanitazama kwa ushindi. Nikamwambia sawa, mdogo wangu, sasa mtafute. Akaandika jina kwenye kisanduku cha kutafuta, mfumo ukamjibu kwamba hakuna mwanachama huyo. Tukabaki tunatazamana. Jina tulikuwa tumeliingiza kutoka kwenye orodha iliyochapwa kwa Word, na Word ina tabia ya kupinda kile kialama kiwe kama mkia. Kijana alipotafuta, kibodi yake ilitoa kialama kilichonyooka. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kabisa. Nilijua mara moja karani angefanya nini hapo: angeona hayupo, angemsajili upya. Tulipochungulia databesi ya chama kimoja, tulikuta watu wenye akaunti mbili, akiba huku na mkopo kule, na riba ya adhabu inakimbia.

Kialama hicho hicho kilikuwa na kisa cha tatu, na hiki kilimwamsha mhasibu. Ujumbe mfupi wa simu ukiandikwa kwa herufi za kawaida unabeba herufi 160. Kialama kilichonyooka kimo kwenye orodha ya herufi hizo, kilichopinda hakimo. Kikiingia kimoja tu, ujumbe mzima unahamia kwenye mfumo mwingine wa herufi, na hapo kikomo ni 70. Ujumbe wetu wa kukumbusha rejesho ulikuwa na herufi kama 150, kwa hiyo kwa Juma Hamisi ulikwenda kama ujumbe mmoja na kwa Ng'wandu ukakatwa vipande vitatu, tukatozwa vitatu. Hakuna maandishi mekundu, hakuna kilichokataa. Bili tu ilikuwa inapanda na kila mtu akidhani wanachama wameongezeka.

Namba za simu nazo zina mambo yake, nisiende mbali: orodha ikipita kwenye Excel, sifuri ya mbele inadondoka na 0754 inakuwa 754. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua wengi ni kwamba Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Ukiibandika kama namba badala ya maandishi, tano za mwisho zinageuka sifuri, kimya kimya, na ukihifadhi hazirudi. Vyama vingi vilituletea orodha za namna hiyo. Nilianzisha sheria moja ofisini, na wananichekea hadi leo: namba usiyojumlisha wala kuigawanya si namba, ni maandishi. Hakuna anayejumlisha namba za NIDA.

Kwenye semina niliyopelekwa baadaye tulifundishwa wazee wawili wa Marekani walioandika sana juu ya ubora wa bidhaa. Philip Crosby alishikilia kwamba ubora ni kitu kutimiza masharti yaliyowekwa. Joseph Juran akauangalia kwa upande wa anayekitumia: kinamfaa kwa kazi yake? Walimu walizipitisha hoja hizo harakaharaka, kama vitu vya kukariri kwa ajili ya mtihani. Mimi nilikaa nazo muda mrefu, maana nilikuwa nimeishi kati yake. Mkataba wa ule mfumo wa kwanza ulisema utasajili wanachama, na ulisajili. Sharti lilitimia. Ripoti za mwezi zilitoka. Kwa Crosby yule muuzaji angeweza kujitetea, japo hata Crosby angemuuliza aliyeandika masharti alikuwa nani. Kwa mzee kwenye dirisha langu, hakukuwa na mfumo wowote pale, kulikuwa na binti anayeomba samahani.

Ila kasoro iliyonibadilisha namna ya kufanya kazi haikuwa ya jina. Ilikuwa ya usiku.

Karani wa chama kimoja mteja wetu alipiga simu. Hakuwa na hasira, ndiyo maana nilikaa sawa kumsikiliza. Mwenye hasira huwa bado ana matumaini. Kazi yake ilikuwa kulinganisha fedha ambazo wanachama wameweka kwa simu na taarifa ya kampuni ya simu, kila asubuhi. Hesabu zilikuwa hazikai. Siku nyingine ziada, siku nyingine upungufu. Ziada iliandikwa pembeni kwamba itafuatiliwa. Upungufu uliandikwa jina lake, na mwisho wa mwezi alikatwa mshahara.

"Dada," akasema, "mimi siibi."

Nilimwomba taarifa za wiki nzima, zake na za kampuni ya simu, nikazipanga juu ya meza, muamala kwa muamala. Hakukosekana hata mmoja. Yote ilikuwepo pande zote mbili, ila michache ilikuwa kwenye siku tofauti. Nikazungushia hiyo michache kalamu. Saa sita na nusu usiku. Saa saba. Saa nane kasoro. Kumbe ni wenye baa na vibanda vya chipsi: wanafunga usiku wa manane, na badala ya kutembea na mauzo gizani, wanayapeleka kwa wakala jirani au yamo tayari kwenye simu, wanaweka kwenye chama hapo hapo.

Seva yetu, kompyuta kuu inayoendesha mfumo, ilikuwa ng'ambo na saa yake ilikuwa ya dunia, ile ya UTC, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mama wa baa akiweka fedha Jumanne saa saba usiku, kwenye seva bado ni Jumatatu saa nne usiku. Kampuni ya simu inaandika Jumanne, sisi tunaandika Jumatatu. Jumatatu ya karani inaonekana ilipokea fedha ambazo hazimo kwenye taarifa ya simu. Usiku ukifanana na uliotangulia, tofauti zinafutana na hakuna anayeona. Mwisho wa mwezi, watu wakikimbilia kuweka rejesho kabla ya adhabu, pengo linafunguka.

Nani angeiona? Kuanzia saa tisa usiku hadi saa sita usiku inayofuata, tarehe yetu na ya seva ni moja. Kasoro iliishi saa tatu tu katika siku, na saa hizo waandishi wa programu wamelala, mimi nimelala, meneja wa mradi amelala. Majaribio yetu yote yalifanyika kati ya chai ya saa nne na adhana ya alasiri. Tangu hapo nina mazoea ya kusogeza saa ya seva ya majaribio. Naweka muamala wa saa saba usiku nikiwa nimekaa mchana na kikombe changu. Naweka wa tarehe 31 Desemba dakika ya mwisho. Naweka wa tarehe 29 Februari, kisha naomba mfumo unihesabie mwaka mmoja mbele.

Kurekebisha msimbo, yaani maandishi ya programu, kulichukua muda mfupi kuliko kubishania barua. Nilitaka chama kile kiandikiwe rasmi kwamba tofauti ilitokana na mfumo. Bosi aliona tunajitangazia ubaya, na wateja wengine watasikia. Nikamwambia watasikia hata hivyo, makarani wote wa ushirika wana kundi moja la WhatsApp. Barua ikaenda. Yule dada alirudishiwa makato ya miezi tuliyoweza kuithibitisha. Ya nyuma zaidi kumbukumbu za seva zilikuwa zimeshafutwa ili kuokoa nafasi.

Kwa bosi nilitumia pia mfano wa Uingereza, na ndio uliomkalisha chini. Shirika la posta la huko lilianza mwaka 1999 kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon, kazi ya kampuni ya Fujitsu. Wenye vituo vidogo vya posta, watu wa vijijini wanaofanana sana na mawakala wetu, wakaanza kuona upungufu wasiouelewa. Mkataba uliwabana waufidie. Wengi wamesimulia kwamba walipopiga simu kuuliza, waliambiwa ni wao peke yao wenye shida hiyo. Hadi mwaka 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wametiwa hatiani, baadhi wakafungwa, wengine wakafilisika, kwa ushahidi uliotoka kwenye kompyuta. Sheria ya huko ilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na anayetakiwa kuthibitisha hana hata ufunguo wa chumba cha seva. Desemba 2019 Mahakama Kuu ikasema wazi kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zenye uwezo wa kuleta upungufu wa aina ile. Mwaka 2024 Bunge likalazimika kutunga sheria ya kufuta hukumu.

Kati ya kasoro za Horizon kuna moja ya Dalmellington, Scotland, iliyojulikana mwaka 2015: skrini iliganda, mhudumu akabonyeza tena na tena, na kila alipobonyeza mfumo ukaandika upya fedha zile zile kana kwamba zimefika nyingine. Nilipoisoma nilicheka kwa uchungu. Hiyo ndiyo siku ya kawaida ya mtandao wetu! Mtu yuko na kiswaswadu chake mnadani, mtandao unayumba, anabonyeza, kimya, anabonyeza tena. Huwezi kumwambia asibonyeze. Kila ombi la kulipa lazima lizaliwe na namba yake, na namba hiyo ikirudi mara ya pili mfumo ujibu kwamba imeshafanyika, usilipe tena. Jaribio lake halihitaji utaalamu mkubwa: unachomoa waya katikati ya muamala. Wenzangu wamenizoea, wakiona nainama chini ya meza wanahifadhi kazi zao kwanza.

Swali linalonichosha kwenye kazi hii ni fupi. Siku ya kutoa toleo jipya bosi anasimama mlangoni na kuuliza, "Iko sawa?" Anataka ndiyo. Nami siwezi kumpa ndiyo, na si kwa kiburi. Mtaalamu wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, alilisema jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1960: majaribio yanaweza kuonyesha kwamba kasoro zipo, hayawezi kuonyesha kwamba hazipo. Kwa hiyo namjibu kwa namna nyingine. Namwambia tumejaribu mikopo ya kikundi, tumejaribu usiku, tumejaribu kukata mtandao. Hatujajaribu vyama vyenye wanachama wengi sana wakati wa msimu wa pamba, na nikiwa wewe ningeogopa hapo. Mwanzoni alidhani namkwepa. Siku hizi anakuja na daftari, anaandika lile la mwisho, kisha anaamua yeye. Uamuzi wa kutoa ni wake kwa sababu hasara na jina la kampuni ni vyake. Wapo wajaribu wenzangu wanaotaka wapewe uwezo wa kuzuia toleo. Mimi nausukuma mbali uwezo huo. Ukipewa lango, kila mtu mwingine anaacha kuangalia njia.

Kuna sentensi nyingine inayonipa homa: "Sehemu hii haijaguswa, haina haja ya kujaribiwa." Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikasambaratika angani isipate hata dakika moja. Kipande cha programu kilichoiangusha kilirithiwa kutoka Ariane 4, ambako hakikuwahi kuleta shida. Hakikuguswa. Kilichobadilika ni roketi: Ariane 5 ilikimbia kwa kasi ya mlalo kubwa zaidi, namba moja ikazidi 32,767, ambacho ndicho kikomo cha nafasi iliyotengewa, na kompyuta za uelekezi zikazima. Ukurasa wa kisa hicho nimeuchapa na kuubandika ukutani, karibu na mahali vijana wanapochajia simu.

Majaribio ya kujiendesha tunayo, na nayapenda. Kila mtu akibadilisha msimbo, yanakimbia yenyewe na kutoa rangi ya kijani au nyekundu. Yanakumbuka kwa niaba yetu. Ng'wandu anasajiliwa na kutafutwa kila siku, kwa alama zote mbili, na mimi sinyanyui kidole. Lakini kijani nako kuna mambo. Baada ya kisa cha usiku, kijana mmoja aliandika jaribio la tarehe, likatoka kijani, akafurahi. Nikasoma alichoandika. Tarehe inayotarajiwa ilikuwa inakokotolewa na kipande kile kile cha programu kinachojaribiwa, kwa hiyo kikikosea, jaribio nalo linakosea pamoja nacho na wanakubaliana. Alikuwa amemuuliza mshitakiwa kama ana hatia. Tukaiandika tarehe kwa mkono: Jumanne, tarehe kamili, herufi kwa herufi, kama ambavyo karani angeiandika kwenye daftari. Jaribio likawa jekundu kwenye sehemu mbili tulizodhani tumeshazirekebisha.

Siku hizi nusu ya kazi yangu inafanyika kabla msimbo haujaandikwa. Vijana wakipanga kitu kipya ubaoni, mimi nauliza. Mkisema "siku", ni siku ya nani, ya seva au ya chama? Mkisema "jina", limetoka wapi? Ikishindikana katikati, karani ataona nini, na ataona kwa Kiswahili? Hili la mwisho tuligombana sana. Ujumbe wa "hitilafu 500, wasiliana na msimamizi" ni wa kujilinda. Tulibadilisha yote tuliyoweza, ikawa kitu kama "Fedha hazijatoka. Usirudie, subiri dakika mbili kisha angalia salio." Simu za kuomba msaada zilipungua, na safari hii nilikwenda vyamani kuhakikisha zimepungua kwa sababu nzuri. Ninakwenda kila ninapopata nauli. Nakaa kwenye kiti cha nyuma ya karani, sisemi, natazama mikono. Ukiona kikaratasi kimebandikwa kwenye fremu ya skrini, chenye maelekezo ya kalamu, hapo ndipo mfumo wako umeshindwa na mtu amekutengenezea kiraka.

Kwenye toleo la mwaka jana nilishinda ubishi wa siku nyingi. Sasa karani anaweza kujichapia mwenyewe kumbukumbu ya siku: nani aliingia, muamala upi, saa ngapi kwa saa yetu, na kama kuna chochote kilichobadilishwa na watu wa kampuni kutoka ofisini kwetu, nacho kimo, pamoja na nani aliyebadilisha. Waandishi wa programu walilalamikia nafasi kwenye seva. Bosi alilalamikia hilo la mwisho zaidi. Nilimkumbusha Horizon, ambako miaka mingi wenye vituo waliambiwa hakuna anayeweza kugusa hesabu zao kutoka mbali, na haikuwa kweli.

Nilidhani watakuwa wanaichapa siku hesabu zikikataa. Kumbe wanaichapa kila jioni, wanampelekea meneja aweke sahihi na tarehe, nakala moja wanaondoka nayo nyumbani. Meneja wa chama kimoja amenipigia wiki iliyopita kulalamika kwamba wino wa printa unamaliza bajeti na makarani hawaambiliki. Nimemwandikia ombi lake kwenye orodha ya maboresho: kuchapa pande zote mbili za karatasi.